Paka Aliyeishia Kizingitini

Mwaka 1954, nikiwa na miaka kumi na saba, ndipo shida yangu ilipoanza. Kabla ya hapo nilijua njaa tu, na njaa siyo shida. Njaa unaichukulia jembe.

Baba alikufa mwanzoni mwa mwaka ule. Kaka zangu wawili walitaka kuoa, na zizi letu lilikuwa tupu. Masika yalipokatika nikapelekwa Nyarero kwa mama mmoja mjane, mzee, asiye na mtoto wa kiume. Kwetu Wakurya jambo hilo lipo. Nyumba ya namna hiyo inaitwa nyumba ntobhu. Mwenye nyumba anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto ambao msichana atazaa na mwanaume wa nje wanakuwa wa nyumba yake ili shamba lisiende kwa wengine. Kwa hiyo niliolewa na mwanamke. Wajukuu zangu wananiuliza nilijisikiaje. Wakati ule hakuna aliyeniuliza, sikuandaa jibu, na leo sina muda wa kulitafuta.

Nilisoma misheni mpaka darasa la pili. Maneno haya nimeyaandika mwenyewe. Atakayeona makosa anyamaze, au aandike ya kwake.

Nyumba ya mjane yule, niliyemwita mama mkwe, ilikuwa ya msonge, kubwa, ya udongo na nyasi. Katikati palikuwa na nguzo nene ya mti mgumu, na juu ya moto palikuwa na dari ya fito ambapo tuliweka kuni na ulezi wa mbegu. Siku niliyofika niliinama kupita mlangoni, moshi ukaniingia machoni, na nilipoyafumbua nikaona macho mengine mawili juu darini yananitazama. Nilipiga kelele mbele ya wageni.

"Usiogope," mama mkwe akasema. "Huyo ni wa humu."

Alikuwa paka jike, wa rangi ya majivu. Shingoni alikuwa na pete, yaani mahali ambapo manyoya hayakuota vizuri, pamezunguka shingo nzima kama alama ya shanga. Mimi nilikuwa nimewaona paka kwa watu wa misheni. Wale walikuwa wanazurura, wanalala juani, wanapigana na mbwa. Huyu hakutoka nje. Sisemi kwamba alitoka mara chache. Nasema hakutoka. Haja yake alikwenda kwenye rundo la majivu nyuma ya mawe ya kusagia, na mama mkwe aliyazoa kila asubuhi bila kusema neno, kama mtu anayemhudumia mgonjwa.

Nikaanza kumchunguza, maana mtu huchunguza kile anachokiogopa. Jua lilipoingia mlangoni asubuhi, paka alishuka kwenye dari, akazunguka nguzo ya katikati, akatembea mpaka karibu na kizingiti. Hapo akasimama. Mahali palepale kila siku, kama upana wa vidole vinne kabla ya kizingiti. Akakaa, akatazama nje, kuku wakipita mbele ya pua yake, halafu akarudi juu.

Siku moja panya aliruka kutoka kwenye kihenge cha ndani. Paka akamfuata mbio, vumbi likatimka. Panya akavuka kizingiti. Paka alipofika pale pake, alisimama ghafla, kichwa kikarudi nyuma, miguu ya mbele ikainuka juu. Ilikuwa kana kwamba mtu amemkamata shingoni. Na hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimeshika mwiko, ugali ukaungua, na sikuweza kuugeuza.

Nikamuuliza mama mkwe, "Mama, mbona paka hatoki?"

"Hapendi."

"Kwa nini hapendi?"

"Wewe unapenda kila kitu?" akasema, na akageuka kuchochea moto.

Sasa nieleze habari ya mtu mmoja, na baada ya hapo utayaelewa yote. Marehemu mume wa mama mkwe alikuwa na mdogo wake, naye aliishi ng'ambo ya kijito, shamba lake limepakana na letu. Mimi nilimwita baba. Alikuwa na watoto wa kiume watano. Miaka yote alihesabu kwamba mjane akifa, shamba lile ni la wanawe, maana hakuna mrithi. Mjane akaniingiza mimi. Hakufurahi, na sikumlaumu kwa kutofurahi. Namlaumu kwa yaliyofuata.

Mwanzoni ilikuwa utani tu. Akipita asubuhi na ng'ombe wake anasimama nje ya ua, anaita kwa sauti ya kusikika kijito chote:

"Shemeji! Mwenye nyumba ameamka?"

"Nimeamka," mama mkwe anajibu.

"Siyo wewe. Yule wa darini."

Wachungaji wanacheka. Siku nyingine ananiambia mimi: "Binti, umeolewa na wangapi humo? Mmoja anakwenda shamba, mwingine anakaa ndani kama mzee wa kimila. Siku akitoka uniite, nichinje mbuzi!"

Nilicheka pia, kwa sababu mkwe anapotania unacheka. Lakini nilikuwa najua kwetu watu wanasema nini juu ya mnyama asiyeonekana mchana. Wanasema ana kazi nyingine. Na mwenye mnyama huyo ndiye anayempa kazi.

Mwaka uliofuata, ulezi ulipoanza kutoa masuke, surua ikaingia. Ilipita nyumba hadi nyumba. Yule baba wa ng'ambo ya kijito alizika wajukuu wawili katika juma moja, msichana na mvulana, wote wa mama mmoja. Nilikwenda kwenye mazishi. Nilimwona amekaa chini, mikono juu ya kichwa, na sikuona mtu mwenye hila. Niliona mzee aliyevunjika. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli. Lakini mtu aliyevunjika naye anaweza kukuua.

Utani ukaisha siku ile. Alipopita na ng'ombe hakuita tena. Alisimama tu, akatazama mlango wetu, akaenda zake. Utani wake ulikuwa unaniudhi, ila kunyamaza kule kulinitisha.

Jambo la kwanza nililoliona ni moto. Jirani moto wake ukizimika, anakuja na kigae kuomba kaa. Nyumba yetu ilikuwa karibu na njia, hapakupita siku bila mtu kuja kuomba moto. Wakaacha. Asubuhi moja niliona mama mmoja akipita na kigae mkononi, akipanda kilima chote kwenda nyumba ya juu, jasho linamtoka, na moto wetu unawaka hapohapo karibu naye. Nikamwita. Akajifanya kiziwi.

Baadaye kisimani. Nilipofika wanawake waliinua mitungi yao wakaisogeza, kidogo tu, kama vile watu wanaonipisha. Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana.

Halafu siku moja nikakuta tawi la miiba limewekwa kwenye lango la ua wetu, limelazwa chini kukata njia. Mama mkwe alilitazama muda mrefu. Akaniambia, "Liondoe." Nikaliondoa. Kesho yake lilikuwepo tena, kubwa zaidi.

Utauliza kwa nini sikukimbia. Nilifikiri kukimbia, sana. Lakini ng'ombe waliotolewa kwa ajili yangu kaka yangu mkubwa alikuwa ameshawatoa kumwoa mke wake, na mke alikuwa na mimba. Ningerudi nyumbani, ng'ombe wangetakiwa kurudi, na yule mke angerudishwa kwao na tumbo lake. Kwa hiyo nyuma hapakuwa na njia. Na mbele tawi la miiba.

Zikaja habari kwamba kutakuwa na ritongo, yaani mkutano wa ukoo wote, wazee wakiwa wameketi na watu wamesimama. Siku nne zijazo. Neno lilikuwa moja tu: nyumba ya mjane na mnyama wake. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imekataza mambo hayo, lakini serikali ilikaa Tarime na sisi tulikuwa Nyarero. Nilijua kisa cha mama mmoja upande wa mtoni, aliyesemwa vivyo hivyo. Walichoma nyumba yake, akaondoka na kibuyu kimoja, na hakuna ukoo uliompokea. Mkamwana wake aliondoka naye. Hilo la mkamwana ndilo nililolisikia vizuri kuliko yote.

Nilipopata hofu nilifanya kazi. Hata leo niko hivyo. Nikasema, watu watakuja, sakafu ni chafu, nitaisiriba upya. Nikachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, nikapiga magoti, nikaanza kusiriba kutoka ukutani kuja katikati. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani. Nilipofika kwenye nguzo ya katikati, nikaukwangua udongo wa zamani chini yake, na mkono wangu ukahisi mfereji.

Nilisogea nikatazama. Kuanzia sakafuni kama shubiri moja kwenda juu, nguzo ilikuwa imeliwa, imezungukwa na mkato laini unaong'aa. Mimi ni mtoto wa wafugaji. Mti wa kufungia ndama naujua. Kamba ikizunguka miaka, mti unaliwa hivyohivyo.

"Mama, hapa palifungwa ndama?"

Akageuzia uso ukutani.

"Ndama ndani ya nyumba?"

Nikamtazama paka. Alikuwa ameshuka, amekaa pale pake mlangoni, shingo imenigeukia, ile pete ikionekana. Nikautazama tena mfereji. Sikumwogopa tena yeye.

"Mama," nikasema, "ulimfunga."

Mzee yule akaanza kulia, nami sikuwahi kumwona analia. Akainuka, akaingiza mkono kwenye nyasi za paa juu ya kitanda, akatoa ukanda wa ngozi, mgumu, mweusi kwa moshi, umesokotwa.

Alikuwa amezaa mabinti wanne na mvulana mmoja. Mvulana alikuwa na ndama wake, na ukanda ule ulikuwa wa ndama huyo. Asubuhi moja mtoto alitoka nje kumfuata ndama, nyoka akamgonga mguuni, na hakufika nyumbani akiwa hai. Mabinti wakaolewa mmoja mmoja. Mume akafa. Akaletewa paka mdogo, na kwetu paka mgeni anafungwa siku chache azoee nyumba, asirudi alikotoka, halafu anaachiwa. Wote wanafanya hivyo. Yeye hakumwachia.

"Kila nilipotaka kumfungua," akasema, "nikaona mkono haufanyi. Nikasema, kesho. Nikavuna mara mbili nasema kesho. Akawa mkubwa. Siku niliyomfungua nililia, nikajua sasa anakwenda. Akatembea mpaka pale mlangoni, akasimama. Mpaka leo."

"Basi tuwaambie!"

"Uwaambie nini? Kwamba mwanamke mzima alifunga paka kwenye nguzo ya nyumba kwa ukanda wa mtoto aliyekufa? Binti, hapo ndipo watakapoleta moto."

Na hapo alisema kweli. Nguzo ya katikati kwetu siyo kitu cha kuchezea, ndiyo inayobeba nyumba na watu wake. Kufunga kitu pale, kwa kitu cha marehemu, halafu kukificha juu ya kitanda! Hata mimi, niliyemwamini, niliushika ukanda ule kwa ncha za vidole. Nikakaa siku tatu na hilo tumboni. Nikinyamaza, tunachomwa. Nikisema, pengine tunachomwa upesi zaidi.

Siku ya ritongo watu walijaa uwanja wa chini ya kilima. Wazee walikaa kwenye vigoda. Aliyeongoza alikuwa mzee mmoja mwembamba, mwenye jicho moja la ukungu, aliyekuwa hapendi maneno mengi. Wanawake tulisimama kando. Mama mkwe alikalishwa mbele peke yake, chini.

Yule baba akasimama. Alisema vizuri, hilo sina budi kukiri. Alisema juu ya wajukuu zake, akawataja mmoja mmoja, watu wakalia. Halafu akasema, "Nyumba zote zina paka anayetoka na kuingia. Nyumba moja ina paka anayesubiri ndani. Anasubiri nini? Ana pete shingoni. Nani alimvisha? Anafika mlangoni kila asubuhi, anatazama nyumba yangu, anarudi. Niulizeni anahesabu nini!"

Watu wakanguruma. Kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "Nyasi zimekauka vizuri!" Na kuna waliocheka. Kicheko kile bado nakisikia.

Mzee wa jicho la ukungu akamwuliza mama mkwe, "Mke wa ndugu yetu, unasema nini?"

Midomo ilimchezacheza.

Mkamwana hasemi katika ritongo. Hakuna aliyeniambia nisiseme, kama vile hakuna anayemwambia mtu asitembee juu ya maji. Nilikuwa nimeuvingirisha ukanda tumboni chini ya nguo. Nikatoka kwa wanawake. Nikaufungua ukanda nikauinua.

"Hii ndiyo pete," nikasema.

Makelele yakalipuka. Nikaendelea kusema juu ya makelele, nikasema yote: mvulana, ndama, paka mdogo, nguzo, mavuno mawili. Nikasema, "Twendeni tupime! Ukanda ukifika nje ya kizingiti, nichomeni mimi wa kwanza."

Yule baba aliruka. "Mnasikia? Mnasikia kwa masikio yenu? Wamefunga dawa kwenye nguzo! Kwa kitu cha marehemu! Mimi sina neno tena, wameshasema wao!"

Nikaona watu wanarudi nyuma, na niliona mikono inaokota mawe. Nikajua nimetuua.

Mzee akainua fimbo yake. "Tupime kwanza," akasema. "Moto haukimbii."

Tulikwenda, wazee mbele, watu nyuma. Mzee aliingia mwenyewe. Akafunga ukanda kwenye mfereji wa nguzo, akauvuta kuelekea mlangoni. Ukaishia vidole vinne kabla ya kizingiti, pale pake palepale. Mzee akapima tena. Akapiga magoti, akakipapasa kizingiti. Juu darini paka alikuwa anatutazama wote.

"Umepimika," mzee akasema.

"Kupimika siyo kutakata," yule baba akajibu kutoka nje. Hakuwa ameingia.

Hapo ndipo nilipopata hasira, na hasira ikanisaidia kuliko akili. Nikamwambia, "Baba, mchukue basi. Mweke kwako mwezi mmoja. Asipotoka nje kwako, tuseme nawe ni mchawi?"

Watu wakashtuka. Halafu mtu akacheka, siyo kile kicheko cha kwanza.

"Mimi nilale naye nyumba moja yule?" yule baba akasema. "Mimi!"

"Nani anamchukua?" mzee akauliza watu. Hakuna. Watu wazima, wanaume waliowahi kumchoma simba mkuki, wanatazama miguu yao.

Ndipo mke mkubwa wa yule mzee akasukuma watu akapita. Mama mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. "Leteni huku," akasema. "Panya wamekula ulezi wangu, wamekula kibuyu, juzi wamekula ngozi ninayolalia. Kama ana kazi, kwangu kazi ipo."

"Wewe mama, nyamaza," mzee akamwambia.

"Nimenyamaza miaka thelathini, panya hawajapungua."

Mzee akafikiri. Akatoa hukumu, na nitaiandika kama alivyoisema: "Paka atakaa nyumba yangu. Mwezi ukiandama mpya na watu wangu wapo wazima, neno limekwisha. Mtu wangu akifa, nyumba hii itawaka, na hawa wawili wataondoka bila kugeuka nyuma."

Nikampakia paka kwenye tenga, nikafunika kwa nguo. Nilipovuka naye kizingiti alilia sauti ambayo sijaisikia kwa mnyama mwingine tangu hapo. Watoto walikimbia. Mama mkwe aliziba masikio.

Hofu ya kabla ya hapo ilikuwa mchezo. Sasa uhai wetu ulikuwa umewekwa kwa watu wa boma zima, watoto kumi na wangapi sijui, na surua bado inatembea. Kila siku nilipokwenda kisimani nilipita njia ndefu, chini ya boma la yule mzee, ili nisikie. Nilisikiliza kikohozi. Nilijifunza kikohozi cha kila mtoto wa pale bila kuwajua sura. Kuna mmoja alikohoa kwa siku tano mfululizo, kikavu, na siku ya sita sikumsikia. Nilisimama njiani na mtungi kichwani mpaka shingo ikafa ganzi. Halafu akakohoa tena. Nilimshukuru Mungu kwa kikohozi cha mtoto wa watu. Ndivyo hofu inavyokufanya.

Mama mkwe aliacha kutoka nje. Mara ya kwanza alisema jua kali. Mara ya pili akasema miguu. Baadaye hakusema sababu. Alifika mlangoni asubuhi, akasimama, akatazama, akarudi kitandani. Nikaanza mimi kuzoa majivu yake, kama yeye alivyomzolea paka.

Siku chache kabla ya mwezi kuisha, nikiwa kisimani, nilisikia kilio. Kilio cha msiba hakifanani na kingine. Kilitoka bomani kwa yule mzee, wanawake wengi kwa pamoja. Mtungi ulianguka ukapasuka. Sikukimbia kwenda huko. Nilikimbia nyumbani, nikamwambia mama mkwe, "Fungasha." Akaniuliza, "Nifungashe nini?" Na kweli hapakuwa na kitu. Tukakaa kitandani tumeshikana mikono, mlango wazi, tukitazama nje tuone moshi wa mienge.

Alikuja mtu mmoja tu, mjumbe wa habari njema na mbaya pia: mke wa jirani wa juu, anahema. Aliyekufa alikuwa kaka wa yule mzee, kule Robanda, siku tatu za kutembea kwa miguu. Habari ndiyo imefika.

Yule baba alikuwa ameshafika msibani kabla ya mama huyo kuondoka, akisema mbele ya watu wote: damu ni damu, hukumu ilisema mtu wako, huyu ni mtu wako. Na mzee akamjibu, "Kaka yangu alianza kuugua kifua kabla mama wa paka huyu hajazaliwa. Kaa chini, kula, ulie na sisi. Au nenda nyumbani."

Akakaa chini.

Mwezi ukaandama. Tuliitwa. Mama mkwe hakuweza kutoka, nikaenda peke yangu. Yule mama mnene alisimama mbele ya wazee na tenga mkononi, akasema panya wamekwisha, watu wote wazima, hata mwenye kikohozi. Halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyelitazamia.

"Na kwangu anatoka," akasema. "Nyumba yangu ni ndogo, nguzo iko karibu na mlango. Anatembea urefu wa ule ukanda, anavuka kizingiti, anafika nje hatua mbili. Hapo anasimama, anaota jua, anarudi. Nimemwona kwa macho yangu."

"Kila siku?" mzee akauliza.

"Kila siku."

Wazee wakatazamana. Hapo neno likaisha. Tawi la miiba sikuliona tena, na kabla ya juma kuisha mtu alikuja na kigae kuomba moto.

Mimi sikumwona paka yule akitoka. Niliporudi naye alipanda darini, na kesho yake asubuhi alikwenda pale pake, vidole vinne. Labda yule mama alisema kweli. Labda alitazama nyasi kavu za paa letu na akaamua kusema. Nilikutana naye miaka mingi kisimani na sokoni, tukacheka kwa mengi, na hilo sikumwuliza kamwe. Amekufa nalo.

Mama mkwe wangu hakutoka nje tena. Wazee walimsafishia jina, lakini miguu yake haikusikia hukumu. Akaishi miaka minne hivyo, yeye kitandani na paka darini, nao wote wawili wakikutana mlangoni asubuhi. Alikufa mwaka 1959 katika nyumba yake mwenyewe, nyasi zake juu ya kichwa chake, na mwanangu wa kwanza wa kiume akimshika mkono. Paka alimfuata mvua zilizofuata. Nilimzika ndani, chini ya nguzo. Sikumwambia mtu.

Kwa kuwa mama mkwe hakutoka, ilibidi mimi nitoke. Nilibeba ndizi mpaka Tarime na kurudi, kwa miguu, mtoto mgongoni. Hakuna aliyenifundisha biashara. Nilipoogopa, niliongeza mzigo. Hakuna mwanaume aliyenipa kitu ninachokitaja hapa chini.

Nina shamba lile la Nyarero, lote, mpaka kijitoni. Nina nyumba ya matofali Nkende, vyumba sita, bati jekundu. Nina mashine ya kusaga. Nina ng'ombe kumi na mmoja na mbuzi sijawahesabu. Nina watoto sita walio hai, na kaburi la mmoja. Nina ukanda wa ngozi, uko sandukuni. Nina paka watatu. Mlango wa jikoni haufungwi mchana.